Je, Wajua? Kinyweleo Kikihamishwa Hulala Kwanza

Je, wajua kwamba nywele unazoziona kwenye chanuo leo huenda ziliacha kukua miezi mitatu iliyopita? Mtu aliyekimbia vita vya Kivu, akalala njiani na njaa, akaugua homa kali, kisha akafika Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, kichwa chake kikiwa bado kimejaa nywele, anaweza kushtuka baadaye. Sasa ana nyumba ya udongo, ana maharage jikoni, ana usingizi usiku, na ndipo nywele zinapoanza kutoka kwa vishungi. Atayalaumu maji ya ziwa la huko. Atailaumu sabuni. Kumbe maji hayana kosa. Mwili ulipokuwa taabuni, vinyweleo vingi viliacha kazi kwa mpigo na kulala, na kinyweleo kilicholala huuachia unywele wake baada ya miezi miwili au mitatu. Mama aliyejifungua hupitia hayo hayo mtoto akiwa na miezi mitatu hivi, na mara nyingi nywele hurudi zenyewe bila dawa yoyote.

Kinyweleo ni kifuko chembamba kilichozama ndani ya ngozi, milimita chache tu kwenda chini, na unywele tunaouona ni zao lake. Kichwani tunavyo takribani 100,000. Kila kimoja kina zamu yake: hufanya kazi miaka 2 hadi 6 mfululizo, husinyaa kwa wiki mbili tatu, hupumzika kama miezi 3, kisha huanza upya. Ndiyo maana kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku si ugonjwa. Jambo la kukumbuka ni kwamba vyote vilitengenezwa tungali tumboni mwa mama zetu. Baada ya kuzaliwa hatuongezewi hata kimoja.

Kwa hiyo upasuaji wa kurudisha nywele hauongezi kitu. Daktari hukitoa kinyweleo kisogoni, ambako nywele huwa na ukaidi wa kubaki hata kwa wazee wenye upara, akakipeleka utosini, kwenye paji la uso au kwenye panja. Kichwa kinabaki na idadi ile ile, isipokuwa imegawanywa upya. Wala huwezi kuazima kwa ndugu yako, kwa sababu kinga ya mwili itakikataa kinyweleo cha mtu mwingine kama inavyoweza kuikataa figo ya mtu mwingine. Pacha wa kufanana tu ndiye anayeweza kukopesha.

Nchini Japani, daktari Shoji Okuda alikwisha kuandika mwaka 1939 jinsi alivyopandikiza ngozi yenye nywele kwa watu wenye makovu. Vita vya Pili vya Dunia vikaja, na maandishi yake yakakaa miaka mingi bila kusomwa nje ya nchi yake. Mwaka 1952 daktari wa ngozi wa New York, Norman Orentreich, alianza kazi hiyo hiyo bila kumtegemea Okuda, na mwaka 1959 akachapisha jambo ambalo upasuaji huu wote umesimama juu yake. Alihamisha ngozi ya kisogoni kwenda mahali penye upara, nywele zikaendelea kuota. Akahamisha ngozi ya penye upara kwenda kisogoni, ikabaki na upara. Tabia ya kinyweleo imo ndani yake chenyewe, haitoki kwenye ngozi inayokipokea.

Vipande vya siku zile vilikuwa vikubwa, hadi milimita 4, na nywele ziliota mafungu mafungu ambayo kila mtu aliyaona. Mwaka 1984 mtafiti John Headington alieleza kwamba nywele za kichwani huota kwa vikundi vidogo vya 1 hadi 4, na miaka michache baadaye daktari Bobby Limmer wa San Antonio, Texas, akaanza kutumia hadubini kutenganisha vikundi hivyo kimoja kimoja. Upasuaji wa leo umetokana zaidi na mikono ya Limmer na wasaidizi wake kuliko mashine yoyote.

Sasa twende Nakivale, kwa sababu ni huko ambako swali la nani anahitaji upasuaji linapata jibu gumu zaidi. Makazi haya ya Wilaya ya Isingiro, kusini mashariki ya Mbarara, yalifunguliwa mwaka 1958 na kuwapokea Wanyarwanda. Leo yana watu zaidi ya 100,000 kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia, Eritrea na kwingineko, na Kiswahili ni lugha yao ya sokoni. Kusuka na kunyoa ni miongoni mwa kazi ambazo mgeni anaweza kuzianza bila kungoja mavuno: kiti, kioo, chanuo, mafungu machache ya rasta, na mikono inayojua. Naiheshimu kazi hiyo. Mama wengi wamelisha watoto kwa vidole vyao. Lakini saluni ndiyo inayokiona kinyweleo kabla ya daktari yeyote, na ndiko kinakookolewa au kinakouawa.

Tazama panja za mwanamke aliyesukwa rasta ndefu au aliyeshonewa nywele juu ya misuko iliyobana. Siku ya kwanza kichwa kinauma hata kulala ni shida. Kesho yake vipele vidogo vinatokea ukingoni. Wengi wetu tumefundishwa kwamba msuko mzuri lazima ukaze, na binti akilia huambiwa avumilie urembo. Maumivu yale ni ya kinyweleo kinachovutwa kutoka kwenye kitako chake. Msuko ukilegezwa mapema, nywele hurudi. Ukirudiwa mwaka baada ya mwaka, panapobaki ni kovu laini, na kovu halioti kitu. Mjini Cape Town, Nonhlanhla Khumalo na wenzake walichapisha mwaka 2007 uchunguzi uliokuta dalili za madhara hayo kwa karibu mwanamke 1 kati ya 3. Waliokwisha kuweka dawa ya kulainisha nywele, kisha wakasuka juu yake, ndio walio hatarini zaidi.

Kwa watoto, adui ni mapunye. Ukungu huu huingia ndani ya unywele wenyewe, ndiyo sababu mafuta na krimu za kupaka pekee haviuponyi: mtoto anahitaji vidonge vya kumeza, kama griseofulvini, kwa wiki 6 hadi 8 au zaidi. Huambukizwa kwa mashine ya kunyolea, chanuo, kofia na mto wa kulalia, na mahali ambapo watoto sita wanalala mkeka mmoja hauna haja ya kutafuta njia. Wengi hupona na nywele zikarudi zote. Ila wengine huota uvimbe laini wenye usaha, wazazi wakaudhania jipu, na usipotibiwa haraka unaacha kovu la maisha.

Upo pia upara wa wanawake unaoanzia utosini na kutambaa kwenda pembeni kama duara, polepole, kwa miaka. Huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika. Kwa muda mrefu lawama zote zilitupiwa chanuo la moto na dawa za nywele. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba baadhi ya wanawake hao wana hitilafu katika jeni iitwayo PADI3, inayohusika na kuuumba unywele. Mama mwenye utosi unaowasha na kupungua nywele anastahili uchunguzi, hastahili kulaumiwa.

Yote haya yanaonekana kwa jicho kama «nywele zimekwisha», na kila moja linataka tiba yake. Kwa mkazi wa Nakivale njia huanzia kituo cha afya ndani ya makazi, kwa kuwa Uganda huwaruhusu wakimbizi kutumia huduma za serikali kama raia. Kesi ngumu hupelekwa Mbarara, kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo ndiyo hospitali ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kilichoanzishwa mwaka 1989, na ambako madaktari wa ngozi hufunzwa. Pale daktari huangalia ngozi ya kichwa kwa lenzi, na pakiwa na shaka hukata kipande cha milimita 4 kikapimwe. Anatafuta jibu la swali moja: vinyweleo vimelala au vimekufa? Vilivyolala huamshwa kwa dawa au kwa subira. Vilivyokufa ndivyo tu vinavyohitaji wageni kutoka kisogoni. Na kama ugonjwa uliovila bado unaendelea, upasuaji husubiri mpaka utulie kwa mwaka mmoja au miwili, la sivyo utavila na vipya.

Upandikizaji wenyewe si huduma ya kituo cha afya cha serikali. Hufanywa na kliniki binafsi za miji mikubwa, hulipiwa mfukoni, na wenye uwezo hupanda ndege kutoka Entebbe hadi Istanbul, mji uliogeuza jambo hili kuwa biashara kubwa. Mkimbizi anayetaka safari hiyo hutumia hati ya kusafiria ya wakimbizi badala ya pasipoti, na viza yake inaweza kuchukua muda mrefu kuliko matibabu yenyewe. Lakini popote utakapokwenda, siku ya upasuaji inafanana, na inafaa uijue kabla hujatoa hata shilingi.

Damu yako itakuwa imekwisha kupimwa: wingi wake, sukari, virusi vya homa ya ini na vya Ukimwi. Utakuwa umeambiwa uache pombe siku kadhaa, na aspirini kama daktari wako amekubali, maana mtu anayeitumia kwa ajili ya moyo haiachi kwa kujiamulia. Asubuhi unaosha nywele, unakula kifungua kinywa kizito, kwa sababu hutalazwa usingizi kamili, na unavaa shati la vifungo. Vazi la kuvulia kichwani litakwangua jioni kile ulichokilipia mchana kutwa.

Jambo la kwanza kliniki ni kalamu. Daktari anakuketisha mbele ya kioo na kukuchorea mstari wa nywele. Usiharakishe hapa. Mwanamume wa miaka 28 hutaka mstari wa alipokuwa na miaka 17, naye daktari mwenye uzoefu atamkatalia, kwa kuwa upara wake utaendelea kurudi nyuma na kuuacha mstari huo peke yake kwenye paji la uso. Kwa wanaume mstari huwekwa sentimita 7 au 8 juu ya nyusi. Kwa mwanamke anayerudishiwa panja, eneo ni dogo, vipandikizi mia chache vinaweza kutosha. Ukiona hukubaliani na mstari, sema sasa. Baada ya sindano hakuna mjadala.

Kisha kisogo kinanyolewa na ganzi inachomwa. Hapo ndipo penye maumivu hasa. Sindano nyingi ndogo ndogo za lidokeini iliyochanganywa na adrenalini, kisogoni na baadaye mbele, dakika kumi na zaidi za kuuma meno. Adrenalini hubana mishipa ili damu ipungue, na inaweza kuupa moyo mbio kwa muda mfupi. Usiogope, lakini mwambie muuguzi. Baada ya hapo husikii makali, unasikia kusukumwa na mlio wa mashine.

Unalala kifudifudi. Kifaa chenye mdomo wa duara, chenye upana wa karibu milimita 1, kinazunguka kila kikundi cha nywele, kisha koleo dogo linakivuta nje. Na ni hapa kichwa cha Mwafrika kinapompima daktari. Nywele za kipilipili hazijikunji baada ya kutoka nje: kinyweleo chenyewe kimepinda chini ya ngozi. Watafiti wa Sweden walikichora kwa kompyuta mwaka 1988 na kuonyesha upinde huo waziwazi. Daktari aliyezoea nywele za singa hushusha kifaa wima, akakata kinyweleo katikati, na kilichokatwa kitako ni sawa na chipukizi la mgomba lililong'olewa bila tunguu, kama mkulima yeyote wa matoke wa Mbarara anavyojua. Anayezifahamu nywele zetu huingia kidogo, hutumia mdomo mpana kidogo, hufuata mpindo. Daktari wa ngozi Sanusi Umar wa California ametengeneza vifaa kwa ajili ya shida hii hasa. Njia nyingine ni kukata ukanda mwembamba wa ngozi kisogoni, kuushona, na kuupasua kwenye hadubini ambapo mpindo unaonekana kwa macho. Huokoa vinyweleo vingi, ila huacha kovu refu la mstari. Kwa wanaume wetu wanaonyoa karibu na ngozi, kovu hilo halina pa kujificha.

Ngozi nyeusi pia huota keloidi kwa urahisi zaidi. Kama umewahi kuota uvimbe mgumu mahali pa chanjo, pa kutoboa sikio au pa kidonda, sema hilo kabla ya kulipa. Daktari makini atapandikiza vinyweleo vichache vya majaribio kwanza na kungoja miezi kadhaa. Asiyekuuliza kabisa habari za makovu yako, ondoka.

Kuna neema yetu pia. Unywele uliojikunja hufunika ngozi nyingi kuliko uliolala, na rangi ya nywele haipishani sana na ya ngozi. Kazi ambayo kwa nywele za singa ingetaka vipandikizi 3,000, kwetu inaweza kuonekana imejaa kwa vichache zaidi.

Vilivyotolewa vinakaa kwenye maji ya chumvi yaliyopozwa, na wasaidizi wanavihesabu na kuvisafisha. Hewa kavu huviua kwa dakika. Hata ndani ya maji, Limmer alikuta kwamba katika siku nzima ya kwanza hupungua karibu asilimia 1 kila saa. Hii ndiyo sababu uulize chumbani kuna watu wangapi wenye ujuzi, na kama daktari mwenyewe atakuwepo au atachora mstari na kuondoka.

Mchana kuna mapumziko ya kula, kwenda msalani na kuswali. Halafu unageuzwa chali. Daktari anatoboa vipenyo vidogo, akiamua kila kimoja kielekee wapi. Mbele kabisa vinaingia vipandikizi vyenye unywele mmoja, nyuma yake vyenye nywele mbili na tatu. Saa zinakuwa ndefu. Wengine husinzia, wengine husikiliza redio. Kazi ya vipandikizi 2,000 inaweza kuchukua saa 6 hadi 8, na ganzi huongezwa njiani. Jioni unatoka kwa miguu yako, kisogo kimefungwa bendeji, una vidonge vya maumivu na karatasi ya maagizo.

Maagizo hayo huandikwa kwa mtu wa mjini mwenye gari, hivyo niongeze yanayotuhusu. Usipande bodaboda siku hizo: kofia ngumu itavisugua vipandikizi, na bila kofia ni hatari nyingine. Barabara za Nakivale zina vumbi la kutosha kuvamia kila kidonda, basi kama una ndugu Mbarara, kaa kwake wiki ya kwanza. Usibebe jerikani ya maji wala kuni kichwani. Mwombe mtu, na usione haya, hadi daktari atakaporuhusu. Kwa Mwislamu, kuinamisha kichwa siku za mwanzo huongeza uvimbe, hivyo zungumza na daktari kuhusu sijida, na pia na imamu wako kuhusu kuswali umeketi, ruhusa ambayo mgonjwa anayo. Lala mgongo umeinuliwa kwa mito. Siku ya tatu uvimbe unaweza kuteremka hadi kwenye kope, kisha hutulia. Kufikia siku ya tisa au ya kumi vipandikizi vimeshika, na magamba yameanza kudondoka.

Kisha, kati ya wiki ya pili na ya sita, nywele zilizopandikizwa zinatoka. Karibu zote. Watu wasioambiwa hulia, hudai fedha zao, huanza kupaka kila kitu kinachouzwa sokoni. Lakini ni jambo lile lile lililompata yule aliyefika Nakivale kutoka Kivu: kinyweleo kimepata mshtuko, kimeuachia unywele, kimelala. Kiko hai chini ya ngozi. Mwezi wa tatu au wa nne nywele nyembamba zinaanza kuchomoza, na kwa kuwa nywele zetu hukua polepole kuliko za watu wengi, chini ya sentimita 1 kwa mwezi, hesabu ya mwisho ifanywe baada ya mwaka mzima au zaidi. Mwanamume mwenye upara wa kurithi huenda akaendelea na dawa ili nywele alizokuwa nazo zisizidi kuondoka, maana kilichohamishwa kitadumu lakini jirani zake hawakupewa dhamana hiyo.

Hukumu yangu ni kwamba upasuaji huu ni mzuri kwa aliyeungua kichwani, kwa panja zilizokufa na msuko, kwa mwanamume ambaye upara wake umekwisha kueleweka. Si tiba ya mapunye, si ya vipara vya duara vinavyotokea ghafla, wala si ya nywele zilizotoka kwa homa na njaa. Dada msusi, ukiona ukingo wa mteja una vipele, legeza msuko na umwambie kwa nini. Kinyozi, safisha mashine kwa spiriti kati ya kichwa na kichwa. Nawe uliyeona utosi unang'aa, nenda ukapimwe mwaka huu, wakati vinyweleo vyako bado huenda vimelala tu.